Mafuta ya Melania

Njia nzima kutoka Ntobeye hadi Rulenge, Privatus alimlaumu Celestini. Usukani wa baiskeli yake ulikuwa umepinda tangu wakati wa masika, na sasa baiskeli ilivuta kushoto kama ndama asiyetaka kamba. Privatus alikuwa balozi wa nyumba kumi. Aliamua kwamba aliyeupinda ni jirani yake Celestini, kwa kuwa ndiye aliyeonekana karibu na baiskeli, akampa adhabu ya kupalilia tuta la ziada katika shamba la ujamaa. Celestini alipalilia bila kubisha, jambo lililomthibitishia balozi kwamba jirani ana hatia.

Mke wa Privatus, Melania, alikaa nyuma kwenye keria. Katika titi lake la kushoto palikuwa na uvimbe mgumu, na ngozi iliyo juu yake ilikuwa imebonyea.

Katika hospitali ya misheni, Daktari Nyanda aliuminyaminya uvimbe ule kwa utaratibu.

"Mama, uliwahi kupigwa hapa?"

Melania alitazama sakafu. Privatus alikohoa.

"Daktari, wanaume wanaopiga wake zao huletwa kwangu niwahukumu."

"Sijasema ni wewe, mzee."

"Lakini umenitazama."

Daktari alimgeukia tena Melania. "Uvimbe wa namna hii unaweza kuwa saratani. Lakini titi likigongwa kwa nguvu, mafuta yaliyomo huweza kukosa damu, yakafa, yakawa magumu. Kwa vidole siwezi kuyatofautisha. Kama hukugongwa, nitakupeleka Mwanza moja kwa moja, na huenda wakaliondoa titi lote. Kama uligongwa, nitajaribu sindano kwanza."

"Niligongwa," Melania alisema haraka. "Na mbuzi."

"Hatuna mbuzi," alisema Privatus.

"Wa Celestini."

"Celestini aliwachangia wanajeshi mbuzi wake wote vita ilipoanza. Niliwapokea mwenyewe."

Muuguzi aliyeshika trei alijifanya kutazama dirishani. Melania alilishika titi lake, akamtazama mumewe, kisha daktari, kama mtu anayepima mizigo miwili kabla ya kuchagua wa kubeba.

"Ni usukani," alisema.

"Usukani wa nini?" aliuliza daktari.

"Wa baisikeri. Siku balozi alipokwenda kwenye mafunzo ya mgambo, nilikuwa najifunza. Mteremko wa kisimani ulinizidi."

Privatus aligeukia dirisha. Nje ya dirisha, baiskeli yake iliegemea ukuta, usukani umeelekea upande.

Daktari alichoma sindano, akavuta. Ndani ya bomba mlipanda kimiminika cha manjano, kizito, kinachong'aa. Alikiinua kwenye mwanga.

"Mafuta. Hii ni dalili njema. Lakini nitakata kipande kidogo kikapimwe Mwanza. Dalili njema si jibu."

Privatus alilisogelea bomba.

"Tangu vita ianze," alisema, "duka la kijiji halijaona tone la mafuta. Kumbe akiba umeificha wewe."

Melania alicheka hadi daktari akamwomba atulie kabla ya kukatwa.

Jibu lilirudi baada ya wiki kadhaa: ni mafuta yaliyokufa, hakuna saratani, na huenda uvimbe ukapungua wenyewe. Jioni hiyohiyo Privatus alikwenda kwa Celestini, akasimama mlangoni akiwa amevaa koti lake la mikutano.

"Ndugu Celestini, ile adhabu ya tuta nimeifuta. Usukani aliupinda mke wangu."

"Najua, balozi."

"Ulijua, na ukapalilia?"

Celestini aliangalia jikoni, ambako mkewe Deodata alikuwa ghafla ameacha kuimba.

"Ningesema nini? Ungeuliza ni nani aliyekuwa akimshikia kiti kwa nyuma."

Kutoka jikoni sauti ikasema kwa adabu, "Shikamoo, balozi. Nilimwambia afunge breki."