Sauti ya Arcade

Vestina aliipokea laptop kwa fundi Maiko, pale Makanyagio, kama anayepokea mtoto kutoka wodini. Nyuma yake alisimama mumewe, Arcade, kitambaa kimefunika tundu la shingoni. Mzee huyu aliwahi kuhubiri bila spika na kijiji kizima cha Kabungu kikasikia. Madaktari walipotaka kumwondoa koo lenye uvimbe, na sauti iondoke nalo, alikaa kwanza mbele ya laptop hiyo akarekodi maneno ya kumkabidhi binti yao, Aurélie, kwa wakwe. Kwao baba humtoa binti kwa sauti yake, si kwa karatasi. Na wakwe wanakuja Jumamosi.

"Ilikuwa nzito kuwaka. Imepona?"

"Inaruka kama swala, mama! Nimeipiga windo mpya, Windows ya kisasa kabisa."

Vestina akatafuta. Kioo kitupu, na picha ya mlima wa nchi ya watu.

"Maneno ya mzee yako wapi?"

"Ukipiga windo, vya zamani vinaondoka. Kwani hukuweka nakala?"

"Ilikuwa inajihifadhi yenyewe mtandaoni. Si wewe ndiye uliyezima huko kujihifadhi mwaka jana?"

"Ilikuwa inakula bando! Wateja wote nawazimia, na nyie wenyewe mnanishukuru."

Mteja aliyekuwa kwenye benchi akacheka. "Kweli fundi, mimi nilikushukuru."

Na Vestina naye alishukuru siku ile. Waliotengeneza mashine wanajua huku bando ni la kuungaunga. Wangeweza kuifanya ijinakili yenyewe, hata bila mtandao, toka siku inatolewa kwenye boksi. Hawakufanya. Michezo ya karata walikumbuka kuiwasha. Matangazo walikumbuka. Kile kisichorudi ndicho walichomwachia mama wa Kabungu akikumbuke mwenyewe, halafu kikipotea wanamwita mzembe.

Maiko akamgeukia Arcade. "Mzee wangu, usinune. Si unarekodi tena tu?"

Arcade akafungua kinywa. Kitambaa kikapepea shingoni. Basi.

"Au hasikii?" Maiko akamuuliza Vestina.

"Anasikia," alisema Vestina. "Anasikia yote."

Jumamosi msemaji wa wakwe akasimama, akaomba sauti ya baba. Ombi hilo haliachwi hewani, ni aibu ya ukoo mzima. Akainuka Celestin, mdogo wake Arcade, yule yule aliyemwambia Vestina asipoteze nauli ya hospitali, anunue sanda.

"Binti yangu," Celestin akaanza, harufu ya pombe ikimtoka puani, "nimekulea kwa jasho langu."

Vigelegele vikapasuka. Aurélie akainama, machozi yanadondoka kwenye mapaja, na shangazi zake wakanong'onezana jinsi Celestin anavyojua kugusa watu.

Vestina hakumwangalia Celestin. Alimwangalia mumewe. Arcade naye alikuwa amesimama, midomo inakwenda haraka haraka, anayasema yale maneno yote, neno kwa neno. Wakwe wakadhani mzee anasali. Wakavua kofia, wakamsubiri amalize, wakaitikia, "Amina."