Darubini Iliyobaki Kwenye Droo

Katika duka lile la vifaa vya uwindaji kila mtu alimwita Lenzi. Alikuwa fundi na muuzaji kwa pamoja: asubuhi alifunga darubini za kulengea juu ya bunduki za wateja na kuzirekebisha, mchana alisimama kaunta. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kumuuzia mtu darubini kabla ya kumuuliza analenga nini, kiko umbali gani, na kama kinasimama au kinakimbia. Wateja walimtania kwamba anahoji kuliko polisi.

Jumatano moja aliingia shemeji yake, mume wa dada yake wa pekee. Kazi yake ilikuwa kulinda shamba kubwa la miwa dhidi ya nguruwe pori. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyezoea kuinama mlangoni hata pale mlango ulipomzidi urefu. Aliilaza bunduki ya shamba kaunta, ikiwa tupu, na kibali chake kando.

"Shemeji, uzee umebisha hodi," alisema akicheka. "Hiki kinundu cha mbele cha kulengea nakiona kama moshi. Nikikitazama chenyewe, nguruwe simwoni. Nikimtazama nguruwe, chenyewe kimepotea. Meneja kasema nije unichagulie darubini."

"Wanatokea umbali gani?"

"Hatua thelathini. Siku nyingine kumi na tano. Miwa imesongana, unasikia majani tu, halafu huyo, kashatoka mbio."

Lenzi hakuhitaji kuuliza zaidi. Kazi ile ilitaka darubini ndogo, ya kukuza mara moja hadi mara nne, inayoonyesha eneo pana kiasi kwamba mtu analenga huku macho yote mawili yako wazi. Na darubini hiyo ilikuwepo. Ilikuwa moja tu, imeletwa Jumatatu, na wakati ule ilikuwa ndani ya droo ya kaunta, imeviringishwa kitambaa laini. Lenzi alikuwa ameificha. Jumapili klabu yao ilikuwa na mashindano ya kupiga shabaha inayokimbia kwenye reli, na miaka sita mfululizo alikuwa ametoka wa pili au wa tatu. Alishachungulia ndani ya kile kioo na kuona jinsi kilivyo angavu. Tangu hapo alikihesabu chake.

Angeweza kumwambia shemeji asubiri wiki mbili aagiziwe nyingine. Lakini shemeji alikuwa ametoka mbali, na pengine angeuliza kama kweli hakuna hata moja. Lenzi akageuka kwenye kabati la vioo, akatoa darubini kubwa, nene kama chupa ya chai, ya kukuza mara tano hadi ishirini na tano. Ile ilikuwa ya watu wanaolala chini kifudifudi na kupiga bati lililo ng'ambo ya bonde.

"Hii si kubwa mno?" shemeji aliuliza.

"Kama inaona mita mia tano, itashindwa hatua thelathini?"

Kweli ingeshindwa, na Lenzi alilijua hilo kama anavyojua jina la mama yake. Alisema kwa sauti nyepesi, akicheka kidogo, na shemeji naye akacheka, kwa sababu aliyekuwa mbele yake ni ndugu.

Jumapili Lenzi alishinda. Walimpiga picha na kombe lake, wakambeba mabegani.

Jumanne, saa mbili asubuhi, dada yake alipiga simu. Hakusalimia.

"Kaka, nguruwe amemrarua paja. Njoo hospitali."

Alimkuta shemeji kitandani, mguu umefungwa kuanzia kwenye nyonga hadi gotini, midomo imemkauka. Dada alikuwa ameketi kwenye stuli, akikunja na kukunjua shati lenye damu.

"Alitoka kama hatua kumi na tano hivi," shemeji alisema polepole. "Nikainua bunduki. Nikaona manyoya, shemeji. Manyoya matupu, kama nimebandikwa uso kwenye blanketi, tena yenye ukungu. Natafuta kichwa, sioni. Natafuta bega, sioni. Nilipotoa jicho ili nimwone, tayari alishanifikia." Akafumba macho. "Si kosa la bunduki. Macho ndiyo yameniishia."

Hapo ndipo Lenzi alipopaswa kusema. Maneno yalimfika kooni kabisa. Dada akamtazama kwa shukrani, kwa kuja haraka vile, na maneno yakarudi chini.

"Pole sana, shemeji," alisema. "Utapona."

Mguu ulianza kupona. Mtu mwenyewe ndiye aliyeanza kuharibika. Aliporudi nyumbani alimwandikia meneja barua kwamba hafai tena kushika silaha, aondolewe. Baiskeli yake alimpa jirani. Hata alipoanza kutembea kwa magongo, hakuvuka barabara bila kushikwa mkono na binti yake. Dada alimpeleka kwa daktari wa macho, naye akasema hakuna ugonjwa, ni mambo ya umri tu, miwani ya kusomea inatosha. Shemeji alimshukuru daktari, na walipofika nje akamwambia mkewe, "Amenionea huruma tu. Mimi ndiye niliyekuwepo kule. Najua nilichokiona."

Dada aliyasimulia hayo yote kwenye simu, kila jioni, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumsimulia. Lenzi alisikiliza. Alipeleka matunda, akapeleka dawa, akalipa teksi ya kwenda kufunga kidonda. Kila alichopeleka alishukuriwa, na kila shukrani ilimchoma zaidi. Dukani alianza kukosea: alifunga darubini ya mteja ikiwa imepinda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu akiwa mwanafunzi wa kazi. Kombe alilitoa sebuleni akalitia uvunguni. Hakula vizuri.

Wiki ya tano, dada alisema kwenye simu, "Leo kamwambia binti yake asimtume tena kuchungulia chungu jikoni, ataunguza watu. Kaka, mume wangu ni kipofu anayeona."

Kesho yake mchana Lenzi alikwenda. Kwenye mfuko alikuwa na darubini mbili: ile kubwa, ambayo shamba lilikuwa limeirudisha dukani pamoja na bunduki ili zikaguliwe, na ile ndogo. Aliwakuta wote wawili uani, shemeji kwenye kiti, mguu juu ya ndoo iliyofudikizwa, dada akianika nguo.

"Nimekuja kuwaambia kitu," Lenzi alisema. "Ile darubini ilikuwa na kasoro."

Dada aliacha kamba. "Kasoro? Ya kiwandani?"

"Ilikuwa... haikufaa."

"Basi tuwashtaki! Mume wangu nusura afe, wao wanauza vitu vibovu? Niambie kampuni gani, kaka, mimi kesho naamkia kwao."

Lenzi aliona jinsi uongo wa pili ulivyokuwa tayari umemfungulia mlango, mpana kuliko wa kwanza. Alikaa chini, pale pale kwenye sakafu ya saruji iliyolowa maji ya nguo.

"Haina kasoro," alisema. "Kasoro ni mimi. Shemeji, naomba utazame."

Akampa ile kubwa kwanza, akiwa ameishusha hadi mwisho wake wa chini, mara tano. Shemeji alisitasita, kisha akaiweka jichoni na kuielekeza kwa mkewe, hatua kama kumi na tano.

"Unaona nini?"

"Ukungu. Kitu chekundu. Si nilikwambia?"

"Sasa tazama na hii."

Shemeji aliichukua ndogo. Alikaa nayo muda mrefu.

"Namwona mke wangu," alisema. "Namwona mzima. Na beseni. Na jirani nyuma yake, yule pale anafagia." Aliishusha, akaipandisha tena. "Kwa hiyo macho yangu..."

"Macho yako mazima, shemeji. Ile kubwa ni ya mbali. Karibu hivi kila mtu angeona ukungu. Hata mimi."

Shemeji alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha kicheko kikakatika.

"Na hii ndogo ililetwa lini?"

"Kabla hujaja."

"Ilikuwepo siku ile?"

"Ilikuwepo."

"Wapi?"

"Kwenye droo. Mbele yako."

Dada alikuwa amesimama na shati bichi mkononi, maji yakimtiririkia miguuni.

"Kwa nini?" shemeji aliuliza.

"Niliitaka mimi. Kwa mashindano."

Shemeji aliangalia mguu wake, kisha akaangalia uso wa Lenzi. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeulizia habari za safari.

"Ulishinda?"

"Nilishinda."

"Haya. Niondokee."

Lenzi aliokota darubini zake. Dada alimsindikiza hadi getini, kama kawaida yake, lakini komeo alilifunga Lenzi akiwa bado hajageuka.

Siku ile ile alimweleza mwenye duka, mama wa makamo aliyerithi biashara kwa mumewe. Yule mama alimsikiliza hadi mwisho, akamwondoa kaunta kwa miezi sita, akamrudisha karakana ya nyuma. Alimwandikia meneja wa shamba barua ya kueleza ukweli, na Lenzi akaitia saini. Kombe alilipeleka klabuni akaliacha kwa katibu. Katibu alidhani anatania.

Mwezi wa nne baada ya ajali shemeji alirudi kazini, akichechemea. Darubini ndogo aliiagiza mwenyewe kupitia duka la mji mwingine, na kwa mara ya kwanza tangu ajeruhiwe alikwenda huko peke yake. Habari hizo Lenzi alizipata kwa binti yao. Simu za jioni za dada zilikuwa zimekoma. Aliposalimia, aliitikiwa, alipouliza, alijibiwa ndiyo au hapana.

Karibu mwaka ulipita ndipo shemeji alipokuja dukani tena, na mlinzi wa shamba jirani. Lenzi alikuwa amesharudi kaunta.

"Huyu anataka darubini," shemeji alisema bila salamu ndefu. Akamgeukia mwenzake. "Atakuuliza mambo mengi. Mjibu yote. Halafu mwambie afungue kila droo."

Mlinzi yule alicheka akidhani ni mzaha. Lenzi hakucheka. Alizifungua zote, moja baada ya nyingine, akaziacha wazi, kisha akaanza kuuliza. Shemeji alisimama kando akisikiliza, uzito wote akiuegemeza kwenye mguu mzima, hadi kazi ilipokwisha. Wakati wa kuondoka Lenzi alizunguka kaunta kwenda kumshika mkono kwenye ngazi za nje.

"Acha," shemeji alisema. "Naziona."

Akashuka mwenyewe, polepole, ngazi moja moja, na Lenzi akabaki mlangoni akimtazama.