Lakini ya Mama

Nasema wazi: sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule bwana wa kampuni ya sabuni. Mtaani tulimpa jina la Meno, maana hata ukimpa habari za msiba, meno hayaingii ndani.

Alikuja uani kwetu akamkuta mama kainamia beseni. Mama ni dobi. Amefua nguo za mtaa huu tangu sijazaliwa, na akisema kitambaa kitachuja rangi, kitachuja tu. Meno aliyajua hayo, akatua ndoo ya sabuni mpya.

"Itumie tu, mama, kisha utuambie kwa maneno yako mwenyewe. Siku hizi watu hawaamini matangazo, wanaaminiana wao kwa wao."

Mama akaitumia. Meno aliporudi kuirekodi sauti yake nilikuwepo, naanua nguo. Mama alisema, "Sabuni hii inang'arisha, sijapata kuona! Lakini inakula mikono. Usiiguse bila glavu." Akamwonyesha viganja vilivyobabuka.

"Safi sana, mama yangu!" akasema Meno.

Mama yangu! Mnafiki mkubwa.

Haukupita muda, gari la matangazo likaingia mtaani na spika juu ya paa. Sauti ya mama ikatapakaa kila uchochoro: "Sabuni hii inang'arisha, sijapata kuona!" Basi. Kisha inaanza tena. Ile "lakini" yake wameimwaga kama maji machafu.

Watu wakanunua kwa kumwamini yeye. Jirani yetu mshonaji akaja analia, vidole vimechubuka, hata sindano haishikiki. "Mwenzangu, wewe ndiye wa kunifanyia hivi?" Mama akavishika vile vidole, akavigeuza juu na chini. Wateja wakaanza kuja kuchukua nguo zao zikiwa bado chafu.

Nikampigia simu Meno, nikamuuliza kwa nini wamekata maneno ya mama.

"Dada, tangazo lazima liwe fupi," akanijibu. "Na mbona linapendwa!"

Nilipomweleza mama, alijipangusa mikono polepole. "Sauti ni yangu," akasema. "Nitaimalizia."

Gari lilipokuja akalifuata kwa miguu. Spika ikisema inang'arisha, yeye anapaza: "Lakini inakula mikono!" Dereva akitaka kumkimbia, matuta yanamzuia. Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, nilikuwa naokota mawe.

Mama akanikata jicho. "Tupa hayo! Mdomo ndio ulioniponza, na mdomo ndio utakaoniponya."

Akawa anafanya hivyo kila gari linapopita, mpaka sauti ikamkauka kabisa. Asubuhi moja likaja tena, Meno mwenyewe kaketi mbele, pembeni ya dereva. Mama akatoka, akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Nilimwona anavyohangaika na koo lake, nikatamani kuing'oa ile spika kwa meno.

"Sabuni hii inang'arisha, sijapata kuona!"

"Lakini inakula mikono!"

Alikuwa mshonaji, kasimama mlangoni kwake, vidole vimefungwa vitambaa. Spika ikarudia, na safari hii wakajibu na fundi baiskeli, na wale wateja waliochukua nguo zao, na watoto waliokuwa wakienda shule. Gari lilipofika tuta la mwisho, mtaa mzima ulikuwa unaitikia.

Meno akatoa kichwa dirishani kumtafuta mama. Mama alimwinulia tu viganja vyake, na kwa mara ya kwanza nikayaona yale meno yakiingia ndani.