Milimita Sita

Paa likikataliwa na kipimo, aliyelijenga hulivunja kwa mikono yake, kisha hurudishwa kwao. Kanuni hiyo ya kampuni yetu haikuhitaji kubandikwa ukutani. Kila fundi aliijua tangu wiki yake ya kwanza Maskati.

Mwezi wa Juni 1998 nilitumwa Mabela, pembezoni mwa Maskati, kupima paa la zege la nyumba mpya ya Murshid bin Suud. Aliyelijenga ni Omondi, Mkenya mwenzangu, mwenye umri wa kuwa mwanangu. Murshid, aliyetaka kuhamia upesi, alimsihi aondoe nguzo za kushikilia zege siku ya tisa badala ya ishirini na moja, naye akakubali, zege likiwa bado changa.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, nilisimamisha chini ya paa kipimo chenye uso kama wa saa, nikaandika mshale uliposimama. Tukapandisha magunia ya mchanga juu yake kulilemea. Kesho yake, saa ile ile, paa lilikuwa limeshuka milimita nane. Tukayateremsha magunia. Sasa lilipewa siku nzima lijinyooshe: likirudi milimita sita, limepita; lisiporudi, livunjwe.

Adhuhuri Omondi aliita kwa sauti. "Mzee! Kuja uone! Sita na nukta moja!"

"Mashallah, nnaona mwenyewe!" Murshid alimwambia Omondi. "Fundi, tangu jana umenuna kama bibi harusi asiyempenda bwana!" Mkewe Mahfudha, aliyekuwa akipakua wali, akapiga vigelegele.

"Andika, mzee," Omondi alisema.

"Siandiki. Hilo ni jua. Linachoma zege kwa juu, sehemu ya juu inatanuka, na paa linabinuka kwenda juu. Kipimo cha kwanza kilisomwa asubuhi. Cha mwisho kitasomwa saa hiyo hiyo."

"Jua hili latuunguza mwaka mzima," Murshid alisema. "Leo limetufaa mara moja, nawe wataka kulifukuza?"

Omondi alinivuta kando. "Mzee, mke wangu Wilkister na watoto wanategemea hii mikono. Hapa ni wewe tu unaandika hiyo kitu."

Nilirudi kwenye kipimo. Chini ya paa lile wangelala watoto wa Murshid.

Jua lilipopungua, mshale ulianza kurudi nyuma. Omondi aliketi juu ya ndoo akiutazama. Alasiri ulionyesha tano na nukta tisa. Magharibi, tano na nukta sita. Aligonga kioo kwa kidole, kama tufanyavyo mshale unapokwama. Haukuwa umekwama.

"Hapana dawa?" Murshid aliuliza. "Tukilimwagia maji ya moto kwa juu asubuhi?"

"Tutakidanganya kipimo. Paa litabaki lilivyo."

Jumatano, saa kumi na mbili, nilisoma mbele yao: tano na nukta tatu. Niliandika, nikatia sahihi. Omondi akatia ya kwake, akachukua nyundo, akapanda.

Murshid alifungua kilemba chake, akakiweka dirishani, akamfuata na nyundo ya pili.

"Kanuni haikutaji wewe, bwana," Omondi alimwambia.

"Nani aliyekuharakisha? Sogea."

Walivunja pamoja. Kufikia Alhamisi jioni paa lote lilikuwa chini, na Ijumaa Omondi alipanda ndege.