Fomu ya Jumanne

Jumatatu jioni, uchungu wa binti yake ulipoanza, Bi Mwiko alifanya jambo ambalo mpishi mkuu yeyote mwenye haraka na kiburi kidogo angelifanya. Alichukua fomu ya joto ya Jumanne, siku ambayo yenyewe ilikuwa haijafika, akaijaza yote. Saa mbili asubuhi, nyuzi nne. Saa nne, nyuzi nne. Saa sita, nyuzi nne. Akashuka hivyo hivyo mpaka saa kumi na mbili jioni, kisha akatia sahihi yake yenye mkia mrefu. Akaitundika kwenye mlango wa chumba baridi, akajitupia mtandio, akakimbilia hospitali ya wazazi kumshika mtoto wake mkono.

Msimlaumu upesi, maana na yeye alikuwa na sababu zake. Jiko lile lilikuwa la shemeji yake, kaka wa mumewe, na kwa miaka tisa lilipika chakula cha mchana cha hospitali hiyo hiyo ya wazazi, sahani themanini kila siku. Sasa hospitali ilikuwa imeweka sharti: hakuna jiko litakaloendelea kuleta chakula bila msimamizi aliyefunzwa akapata cheti cha usalama wa chakula. Shemeji akamwita mwalimu. Jumatatu kufundishwa, Jumanne wenyewe kujaza fomu kwa vitendo, Jumatano mwalimu arudi akague na kutoa cheti. Bi Mwiko hakutaka mwalimu akute nafasi hata moja iliyo wazi. Tena chumba baridi kilikuwa kikisoma nyuzi nne tangu siku kiliponunuliwa, sasa cha kupima kila baada ya saa mbili ni nini? Kwani kina homa?

Jiko alimwachia wifi yake, dada mdogo wa mumewe, mpishi wa pili. Huyu jikoni wote walimwita Bi Mwaga, na jina hilo alilitunga Bi Mwiko mwenyewe. Miaka miwili nyuma wifi alimwaga sufuria nzima ya maharage eti yalikuwa na harufu asiyoielewa. Bi Mwiko aliyanusa, hakusikia harufu yoyote, na tangu siku hiyo hakuna sherehe ya ukoo ambayo kisa cha maharage hakikusimuliwa. Watu walicheka. Wifi naye alicheka, lakini tangu hapo akawa mtu wa kunong'ona.

Jumatano asubuhi Bi Mwiko alirudi jikoni macho mekundu, uso unang'aa. Alikuwa bibi. Mtoto wa kike, kilo tatu na ushee, mdomo mkubwa kama wa baba yake. Kabla hata ya kufunga aproni alishawatangazia wote, kuanzia dereva hadi muuza mkaa aliyekuwa akipita zake nje, kwamba mtoto ataitwa jina lake yeye Bi Mwiko. Binti bado hakuwa amekubali, lakini hilo lilikuwa jambo dogo.

"Wifi, hongera," alisema Bi Mwaga akiwa juu ya sufuria ya nyama. "Lakini jana hapa..."

"Jana nimepata mjukuu! Mengine baadaye."

Wifi akaendelea kukoroga.

Mafunzo yalifanyika stoo. Magunia ya mchele yalisukumwa ukutani, viti vya plastiki vikapangwa, na ubao ukaegemezwa kwenye friji mbovu. Mwalimu alikuwa msichana mwembamba, sauti yake kubwa kuliko yeye, na kipimajoto chake alikibana mfukoni kama kalamu. Jumatatu alikuwa amewaambia mambo mawili ambayo Bi Mwiko aliyaandika kwa adabu tu. La kwanza, nyama ikishakaa kwenye joto, usijidanganye kwamba utaichemsha itengemae, kwani ziko sumu zisizoogopa moto. La pili, ukishuku chakula kilichokwisha toka, simamisha kwanza, uliza baadaye.

Hadi saa sita mambo yalikwenda vizuri. Bi Mwiko alijibu maswali mpaka Shemeji, aliyekaa kiti cha mbele na mikono juu ya kitambi, akawa anatikisa kichwa kwa fahari. Gari la chakula lilikuwa limeondoka saa tano na nusu, na wifi ndani yake, kwa kuwa ilikuwa zamu yake ya kwenda kupakua. Mchana hospitalini huanza saa sita na robo.

Ndipo mwalimu akaiteremsha fomu ya Jumanne kutoka mlangoni.

"Fomu safi kabisa hii," alisema. "Nani kaijaza?"

"Mimi," alisema Bi Mwiko, mgongo ukanyooka.

"Saa nane, nyuzi nne. Saa kumi, nyuzi nne. Saa kumi na mbili, nyuzi nne." Mwalimu aliinua macho. "Mama, jana umeme mtaa huu ulikatika saa saba mchana, ukarudi saa moja usiku. Mimi mwenyewe nilikuwa saluni hapo kona, nikarudi nyumbani nusu ya kichwa imekauka na nusu inachuruzika. Hilo jenereta lenu si liko kwa fundi?"

Shemeji aliacha kutikisa kichwa.

Wahenga walishasema njia ya mwongo ni fupi, ila Bi Mwiko hakujua kwamba inaweza kuwa fupi kiasi hicho, kutoka mlango wa chumba baridi hadi kiti cha plastiki. Hospitalini umeme ulikatika pia, lakini kule mitambo yao iliwaka mara moja, wala hakuna aliyehisi. Muda wa saa sita nzima! Na ndani ya chumba baridi kulikuwa na nyama ya leo, kilo kumi na tano, aliyoipokea kwa mikono yake mwenyewe Jumatatu. Nyama hiyo sasa ilikuwa wodini. Wodini kulikuwa na wanawake themanini waliotoka kujifungua, damu haijawarudi mwilini, na mmoja wao alikuwa mtoto wake.

"Sikupima," alisema. "Sikupima. Niliijaza Jumatatu. Jana sikuwepo hapa kabisa."

"Shemeji!" alisema Shemeji.

Mwalimu hakupoteza muda wa kugomba. Aliangalia saa yake. "Simamisha, mama. Piga simu, weka spika tusikie wote."

Bi Mwiko akampigia wifi. Simu iliita karibu sana, ikabidi wote wageuke: iliita jikoni, kwenye mfuko wa aproni iliyotundikwa nyuma ya mlango. Akampigia dereva, haikupokelewa. Akakosea namba ya binti yake wa kumzaa mwenyewe, kisha akaipata.

"Mama!" Sauti ya binti ilikuwa ya usingizi na furaha. "Mtoto kapiga chafya, yaani ungemwona..."

"Umekula?"

"Nimemaliza sasa hivi. Shangazi kanipakulia wa kwanza kabisa, mapande matatu, kaniambia mzazi lazima..."

Bi Mwiko alikaa chini. Si kwenye kiti, ni sakafuni, juu ya saruji, kati ya magunia. Watu husema majuto ni mjukuu, na yeye alikuwa na mjukuu wa siku moja. Aliona mapande yale matatu moja moja. Hakujua mtu anaweza kuogopa hivyo na bado akaweza kusema.

"Mpe simu nesi mkuu. Mkimbilie. Hapana, wewe usikimbie, umeshonwa. Piga kelele!"

Nesi mkuu alikuja kwenye simu kwa sauti ya mtu aliyezoea kupigiwa kelele. Bi Mwiko akamwambia yote bila kupamba. Kwamba yeye ndiye mpishi mkuu. Kwamba aliandika nyama ilikuwa kwenye baridi na hakuwa ameipima. Kwamba umeme ulikatika. Kwamba mtu yeyote ambaye hajala asitie kitu mdomoni, na aliyekula aangaliwe.

"Mama, unajua ninayaandika haya kwenye kitabu?" alisema nesi.

"Andika. Na jina langu liandike kamili."

Shemeji alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Unalivunja jiko, shemeji. Miaka tisa!"

"Jiko litajengwa," alisema Bi Mwiko kutoka sakafuni. "Mtu hajengwi."

Upande wa pili wa simu kulisikika vyombo vikiwekwa chini, mtu akilalamika kwamba ana njaa, nesi akiamuru mifuniko irudishwe. Kisha sauti nyingine ikaingia, ya kunong'ona.

"Wifi? Unapiga kelele gani mpaka wodi nzima inakusikia?"

"Nyama!" alisema Bi Mwiko, na sasa machozi yalikuwa yakimtiririka. "Wifi, nyama ya Jumatatu. Umempa mtoto wangu ile nyama!"

"Ile nimeimwaga," alisema Bi Mwaga.

"Umefanyaje?"

"Nimeimwaga jana jioni, yote, kilo kumi na tano. Nikaimwagia na dawa ya sakafu, asije mtu akaiokota. Hii tuliyoleta leo nimeinunua alfajiri kwa pesa ya mboga. Usinigombeze mbele za watu, wifi, nimewekwa kwenye spika huku."

Mwalimu akamwinamia Bi Mwiko, akasema kwenye simu, kwa sauti ya chini safari hii: "Dada, mimi ni mwalimu. Ninataka kukuamini, lakini kuamini si kipimo. Una chochote cha kuonyesha?"

"Nyuma ya aproni yangu. Kwenye msumari huo huo."

Shemeji, ambaye hakuwa amekimbia tangu enzi za ujana, alikimbia. Alirudi na kipande cha boksi la chumvi, kimekatwa kwa kisu cha jikoni, kimeandikwa kwa penseli upande usio na picha. Mwalimu alisoma kwa sauti. Saa nane, nyuzi sita. Saa tisa, nyuzi nane. Saa kumi, nyuzi kumi na moja. Saa kumi na moja, nyuzi kumi na tatu, nimefungua nikafunga haraka. Saa kumi na mbili, nyuzi kumi na sita. Nyama yote imemwagwa, maziwa pia, shahidi dereva. Chini yake ilibanwa risiti ya bucha ya asubuhi ya leo, ina alama ya kidole chenye mafuta.

"Kabla ya kupakua ulipima?" aliuliza mwalimu.

"Sabini na moja. Nyingine sabini na tatu. Nilitumia kile kipimajoto ulichotuachia, wenzangu walikuwa hawakitaki."

Mwalimu alifumba macho, akashusha pumzi ndefu, na hapo ndipo Bi Mwiko alipojua kwamba hata huyu msichana alikuwa ameogopa. "Nesi mkuu," alisema, "nyama ni salama. Waacheni wale kabla haijapoa."

Mifuniko ikafunguliwa tena, vijiko vikaanza kulia. Bi Mwiko alizisikia sauti hizo kupitia simu, akalia kama mtoto, akacheka, akalia tena. Kifua chake kilikuwa chepesi, utadhani ametuliwa gunia la mchele. Walikuwa wazima. Mtoto wake alikuwa mzima, na mapande yake matatu.

"Wifi," alisema akijifuta kwa mtandio, "kwa nini hukuniambia?"

"Nilianza. Ukasema mengine baadaye."

"Na kwenye fomu? Mbona hukuandika?"

"Fomu ilikuwa imejaa, wifi," alisema Bi Mwaga, bila hasira yoyote. "Ningeandika wapi?"

Bi Mwiko aliitazama fomu yake safi, mistari yote mizuri, na sahihi yenye mkia mrefu imeziba hadi pembeni. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu ajisikie mdogo na bado ashukuru. Alimwomba mwalimu kalamu, akapiga mstari mmoja toka juu hadi chini, akaandika: Si kweli. Angalia boksi la chumvi.

Mwalimu akaitia fomu kwenye faili, na boksi la chumvi juu yake. "Cheti chako sitakupa leo, mama," alisema. "Utarudi mwezi ujao."

"Nisingekipokea. Msimamizi wenu yuko hospitalini anapakua."

"Bi Mwaga?" alisema Shemeji.

"Ana jina, shemeji. Dada yako huyo."

Simu ilikuwa bado hewani, wala hakuna aliyekuwa ameikumbuka. Sauti ya binti ikarudi, na nyuma yake kitoto kinalia kwa ule mdomo mkubwa wa baba yake.

"Mama, kumetokea nini? Shangazi kakaa kitandani kwangu anatetemeka, anasema nisimwambie mtu."

"Mpe maji. Halafu mpe mtoto ambebe," alisema Bi Mwiko. "Na lile jina tuliloligombania asubuhi, liache. Mpe mtoto jina la shangazi yako."

Binti alicheka. "La Bi Mwaga?"

"Hilo nililitunga mimi, na leo nalifuta. Mpe lile alilopewa na bibi yako, siku alipozaliwa."