Diski ya Odero

Ijumaa hiyo Veronicah Awuor aliharibu meno mawili ya watu. Kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia katika maabara ndogo iliyo orofa ya tatu, Moi Avenue, na kwa miaka ishirini wateja waliomrudishia kazi yake ni wa kuhesabu kwa vidole. Lakini siku hiyo jino la kushoto alilipanga kulia, na la kulia akalikwangua mpaka likabaki punje ya mchele. Mwenzake Mwendwa akamwuliza kama anaumwa. "Ni baridi tu," akasema. Kweli Agosti ilikuwa imeibana Nairobi barabara, ila baridi ilisingiziwa bure.

Kilichomvuruga ni ujumbe wa Dedan. Dedan alikuwa nahodha wa timu ya Upepo enzi zao, na siku hizi ndiye anayewafunza wachezaji wapya wa timu zote. Aliandika hivi: "Vero, Saturday wewe ndio utaongea na hawa wageni. Wape kumbukumbu za tournament, lakini usisahau ile ya 2012, hiyo ndio wanangoja. Mimi nimekuwa mdomo wako miaka kumi na mbili. Nimechoka. Kuja uongee mwenyewe." Chini yake aliweka vicheko vitatu.

Veronicah aliusoma ujumbe huo mara saba. Akaandika "sawa", akafuta. Akaandika kwamba ana homa, akafuta hiyo pia. Mwishowe akatuma kidole gumba, kile cha watu wanaokubali jambo wasilolitaka.

Mchezo wenyewe, kama hujauona, ni wa watu wazima kukimbizana na sahani ya plastiki uwanjani kana kwamba wamefukuzwa kazi asubuhi hiyo. Saba kwa saba, wanaume kwa wanawake. Unairusha diski, mwenzako anaidaka, na akiidaka ndani ya mstari wa mwisho mmepata pointi. Ikigusa chini imekufa, wanaichukua wapinzani. Hadi hapo hakuna cha ajabu. Ajabu yake ni kwamba hauna refa. Hakuna kipenga wala kadi. Kukiwa na shaka, aliyeona vizuri zaidi ndiye anayeulizwa, naye akisema bila kupingwa, limekwisha. Watu wanaocheza mpira wa miguu wakisikia hivyo hucheka mpaka wakajishika mbavu. Wachezaji wa frisbi hawacheki. Hilo ndilo wanalojivunia, na ukitaka kuwaudhi wagusie hapo.

Sasa, fainali ya mwaka wa 2012. Kumi na nne kwa kumi na nne, mwenye kupata moja anabeba kombe. Mwewe, timu ya Veronicah, ndio walikuwa na diski, na ilikuwa mikononi mwa Odero, mumewe. Odero alikuwa mtu wa kushindwa kwa heshima. Miaka mitano walikuwa wamecheza mashindano yale na miaka mitano alirudi nyumbani mikono mitupu, akisifu viatu vya waliomshinda. Siku hiyo akairusha kutoka mbali kabisa, dhidi ya upepo, juu ya vichwa vya wote. Ilikuwa diski nzuri kuliko zote alizowahi kurusha. Veronicah akaikimbilia, akajitupa kifudifudi, na kabla vidole havijafunga akahisi nyasi. Diski iligusa chini, ikaruka kidogo, ikaingia mkononi.

Dedan ndiye aliyekuwa akimkaba. Alikuwa nyuma yake, na mwili wa Veronicah ulikuwa umemziba. Kwa hiyo akauliza kama inavyopasa, "Vero, umeidaka safi?"

Veronicah akainua kichwa. Upande wa pili wa uwanja Odero alikuwa tayari anakimbia, mikono juu, mdomo wazi, mtu mzima wa miaka thelathini na minane akilia kwa furaha.

"Safi," akasema.

Dedan akampa mkono pale pale, akamwinua, akawatangazia wote kwamba ni pointi. Timu yake ilikuwa imepoteza kombe na yeye akawa wa kwanza kupiga makofi. Tangu hapo, kila mchezaji mpya aliyepita mikononi mwake amekisikia kisa hicho: nilimwuliza, akaniambia, nikampa mkono, huu ndio mchezo wetu.

Veronicah alikusudia kumwambia Odero jioni ile ile. Kisha akasema acha afurahie wiki moja. Wiki ikawa Krismasi, Krismasi ikawa miaka. Wageni walipokuja nyumbani kwao Muthangari, Odero aliwaeleza alivyoupima upepo kwa shavu, naye Veronicah akaenda jikoni kutazama chai ambayo hata haijabandikwa. Miaka mitatu iliyopita figo zikamwangusha Odero. Siku za mwisho hospitalini alikuwa akiuguzwa na huyo huyo mke, na kila alipolala Veronicah alijiambia, akiamka namwambia. Akiamka, anamwuliza kama atakula uji. Alizikwa kwao Ugenya, na diski yake ikiwa bado haina doa.

Ndiyo sababu ujumbe wa Dedan ulimkosesha raha. Kwa miaka yote hiyo uongo ule ulisemwa na wengine, yeye alikuwa akiinamisha macho tu na watu wakamwita mnyenyekevu. Sasa alitakiwa kuusema kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya vijana sitini. Akiusema, basi yeye ni mwongo mara mbili. Akikataa na kusema kweli, anampokonya marehemu kitu pekee alichowahi kushinda. Alizipindua njia hizo mbili tangu Ijumaa mchana na hakupata ya tatu.

Jumamosi teksi yake ilikwama Westlands, mbele ya jengo la vioo, dakika arobaini. Veronicah aliomba foleni isifunguke. Dereva alipomwomba msamaha kwa kuchelewa akamjibu kwamba hapana haraka, na dereva akamtazama kwenye kioo kama abiria wa kwanza mwenye akili timamu aliyempata mwezi huo. Hata hivyo walifika Spring Valley, kwenye uwanja wa shule ambako mashindano hufanyika, kabla mechi yao haijaanza.

Mwewe walicheza nusu fainali saa nne. Magoti ya Veronicah yalikuwa yakilalamika. Alidondosha diski mbili ambazo mtoto wa chekechea angedaka. Timu ilibebwa na Nyakio, msichana wa miaka ishirini aliyejiunga mwaka jana, mwenye mbio za kuudhi. Kwenye pointi ya mwisho Nyakio huyo akaidaka diski pembeni kabisa, ndani ya mstari wa mwisho, na Mwewe wakaanza kushangilia. Mpinzani akauliza, "Ulikuwa ndani?"

"Zii, nilikanyaga line," akasema Nyakio. Akaiweka diski chini, akageuka kurudi kukaba.

Hivyo tu. Wapinzani wakafunga, Mwewe wakatoka. Hakuna aliyemkemea. Veronicah akamfuata kwenye chupa za maji.

"Hukuogopa?"

"Kuogopa nini, Auntie Vero?"

"Kuiangusha timu. Hakuna mtu aliona mguu wako."

Nyakio akacheka. "Si ni wewe ulianza hii maneno? Dedan alitupea story yako first day. Mimi nilikuwa nimekuja tu kupunguza kitambi, lakini nikaskia vile alikuuliza na vile ulimjibu, nikasema, hawa watu nitakaa nao."

Veronicah akanywa maji yakampalia. Kumbe mambo yalikuwa yamefungamana vibaya kuliko alivyodhani. Ukweli wa msichana huyu ulikuwa umeoteshwa na uongo wake. Akiung'oa mmoja, mwingine utasimama vipi? Alitamani kukimbia, na lango la shule lilikuwa hatua hamsini tu.

Saa saba, kabla ya fainali, waliketi duara nyasini kama ilivyo desturi, wazee kwa wageni, majaketi mpaka kidevuni. Dedan alikuwa katikati, mvi zimemjaa, akamkaribisha kwa sifa tele kama za harusini. Veronicah akasimama. Akaanza mbali. Akawasimulia mwaka wa mvua, ambapo gari la huduma ya kwanza lilinasa kwenye tope na majeruhi ndiye aliyeshuka kulisukuma. Akawasimulia Kimanzi, mchezaji wa enzi zao, alivyoidaka diski kwa meno, na jinsi yeye Veronicah alivyomtengenezea jino jipya wiki hiyo hiyo. Kimanzi, mwenye tumbo sasa, akalionyesha jino lenyewe na duara likaangua kicheko. Akasimulia mwaka wa nyuki. Akasimulia hata mwaka ambao hakuna lolote lililotokea.

"2012!" mtu akapaza sauti.

"2012! 2012!" wakadakia wengine.

Veronicah akamtazama Dedan. Dedan akaitikia kwa kichwa kumhimiza, anatabasamu, amekaa kama mzazi kwenye sherehe ya mwanawe.

"Iligusa nyasi," Veronicah akasema.

Wengine hawakusikia, akarudia kwa sauti. "Ile diski iligusa nyasi kabla sijaidaka. Niliihisi kwa vidole. Dedan aliniuliza nikamdanganya. Ile pointi haikuwa yetu, na kombe halikuwa letu."

Mtu mmoja akacheka, akidhani ni mzaha, halafu akajikatiza. Nyakio alikuwa amefungua mdomo.

Dedan akasimama polepole. "Contest," akasema.

"Dedan."

"Contest, Vero. Hiyo call naipinga. Mimi ndio nilikuwa nakukaba, sio hawa. Niliona vidole zako zote tano chini ya disc. Hata jua ilikuwa inakumulika mkono."

Siku ile hakukuwa na jua. Kulikuwa na manyunyu, na Dedan alikuwa nyuma. Veronicah alimkazia macho akitafuta dalili kwamba anamsitiri tu, kwamba anafanya ungwana. Hakuiona. Dedan alikuwa anaamini. Alikuwa amekisimulia kisa mara nyingi mno hata sasa alikumbuka kuona asichokiona. Veronicah alikuwa amejiandaa kwa hasira yake, kwa dharau, hata kwa kutemewa mate. Kwa hili hakuwa amejiandaa, na likamtisha kuliko yote.

"Ulikuwa nyuma yangu," akasema. "Ndiyo maana ulilazimika kuniuliza."

"Usiniambie chenye niliona! Miaka kumi na mbili nimewaambia hawa watoto. Sasa unataka niwaambie nini?"

Sauti zilikuwa zimepanda. Wageni waligeuza shingo huku na huku, wakiwatazama wazee wawili wanaogombania sahani ya zamani. Hapo ndipo Nyakio, bila ubaya wowote, akainua mkono kama aliye darasani.

"Lakini si rule iko wazi? Mkikosa kuskizana, disc inarudi kwa mwenye alirusha, mnaanza tena kutoka hapo."

"Enyewe!" akasema kijana mmoja aliyekuja kwa mara ya kwanza, amefurahi kwamba suluhu imepatikana. "Nani alirusha? Asimame."

Akaangaza duara zima akimtafuta. Wazee wa mashindano waliinamisha macho. Kimanzi alijishika mdomo.

"Ni Odero alirusha," Veronicah akasema. "Mume wangu. Tulimzika."

Kijana akajikunyata ndani ya jaketi lake. Dedan alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Alijua?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hapana. Kila siku nilikuwa namwambia kesho."

Dedan akautazama uwanja. Akatazama ule upande ambako Veronicah alijitupa, akasogea hatua moja, akasimama, kama anayejaribu kupata mahali alipokuwa amesimama mwaka ule na kuona kutoka hapo. Aliporudi uso wake ulikuwa umezeeka.

"Nilikuwa nyuma," akasema. Kisha akawageukia wageni, kwa kuwa alikuwa mwalimu wao na halikuwa jambo la kunong'onwa. "Naondoa contest yangu. Iligusa."

Kwisha. Miaka kumi na miwili Veronicah aliyangoja maneno hayo, na alikuwa na hakika kwamba siku yatakaposemwa atavuta pumzi kama mtu aliyetua gunia. Badala yake macho yake yalikwenda upande aliorushia Odero. Iligusa, basi imekufa. Si ya Odero tena, ni ya wengine. Na Odero hakuwa amekosea chochote. Odero alirusha vizuri.

Akavuka duara, akamshika Dedan mkono wa jaketi kwa nguvu, watu wote wakitazama.

"Usiiondoe," akasema. "Dedan, nakuomba, endelea kuipinga. Wacha irudi kwake."