Nani Atamwambia Dakari

Sheria ya Vernell ilikuwa moja tu: siku zote tatu za uteuzi, klabu kubwa za mpira wa Kimarekani zinapochagua vijana kutoka vyuoni, mtu yeyote asimpigie Theron simu. Awe shangazi, awe mchungaji, asipige. Simu iliwekwa katikati ya meza juu ya kitambaa kilichokunjwa, na nyumba nzima ikaizunguka kama inauguza mgonjwa. Klabu ikimtaka mchezaji humpigia kwanza, ndipo jina lake hutangazwa kwenye televisheni. Vernell hakutaka moyo wa mwanawe urushwe bure na mtu anayeuliza kama mahindi yametosha.

Alhamisi simu haikuita, na hakuna aliyeshangaa, maana siku ya kwanza ni ya mastaa. Ijumaa haikuita. Jumamosi, siku ya mwisho, mume wa Vernell, Alcide Metoyer, alidamka, akawasha jiko la gesi uani na kubandika sufuria kubwa ya kamba wa mabwawani, akijisemea kwamba leo lazima.

Alcide alikuwa kocha wa shule ya Belle Anse, mji mdogo wa Louisiana ambako mtu anaweza kusahau mkewe alizaliwa lini lakini hasahau matokeo ya mechi. Alimfundisha Theron, mwanawe wa pekee, na alimfundisha Dakari Broussard, mtoto wa jirani. Wote wawili wakaenda chuo kimoja, wakacheza ulinzi wa nyuma bega kwa bega. Dakari alikuwa na miguu. Theron alikuwa na macho. Kabla mpira haujaanza, Theron alitazama wapinzani walivyojipanga, akajua wanataka kupita wapi, akampungia mwenzake mkono: sogea kushoto, rudi nyuma, subiri. Dakari alisogea, mpira ukaja palepale, akamwangusha mtu chini na uwanja mzima ukasimama kumshangilia Dakari.

Msimu wao wa mwisho ulipokwisha, Dakari alikwenda Florida kwenye kambi ambako kazi ni kufundisha vijana mbio za yadi arobaini. Usicheke. Mtu mzima anashinda huko majira yote ya baridi akifundishwa namna ya kuinama, mkono auweke wapi, pumzi aivute lini, ili siku ya majaribio awafurahishe maskauti, wale watafuta vipaji wa klabu, kwa kufumba na kufumbua. Theron naye aliitwa. Akaomba ruhusa jikoni, amesimama.

"Baba, wenzangu wote wanaenda."

"Unakimbia peke yako, hakuna mpira, hakuna mtu mbele yako. Umeona wapi mechi ya hivyo?" Alcide alimjibu. "Hao wanatafuta farasi. Wewe una picha za video za mechi zako. Wakae chini wazitazame."

"Maskauti wanaangalia saa, Mzee."

"Mwenye akili ataangalia mechi. Au unataka klabu ya wajinga?"

Theron alicheka, akabaki nyumbani. Laiti angebisha kidogo. Lakini tangu utotoni baba yake ndiye aliyekuwa akimwambia asimame wapi, na hakuwa amewahi kumpoteza.

Majaribio yalifanyika Machi, kwenye uwanja wa chuo. Dakari alipokimbia, wanaume walioshika saa walizitazama, kisha wakatazamana wao kwa wao. Theron alipokimbia, waliandika wakafungua ukurasa mwingine. Alcide hakujali. Alimfuata skauti mmoja, Pruitt, mtu mpole aliyewahi kula mezani kwake, akamkuta anafungua mlango wa gari.

"Usinipe habari za saa," Alcide alisema. "Niambie kama umetazama mechi."

"Nimezitazama zote, Kocha. Na nimezirudia."

"Enhe?"

"Kijana wako namtafuta simwoni. Mpira hauendi kwake. Kila penye moto, aliyepo ni Broussard."

"Hauendi kwake kwa sababu keshaziba njia! Na Broussard yuko pale kwa sababu Theron kamweka pale!"

"Inawezekana," Pruitt alisema. "Ila picha zinakatwa, Kocha. Zinaanzia mpira unapotoka. Anachofanya kabla ya hapo hakimo. Angekuwa na mbio, ningewaambia wakubwa wamchukue tu, mengine tutayaona mbele. Sasa niwaambie nini? Wamchukue mtu kwa kupunga mkono?"

Alcide hakumwambia mtu maneno hayo. Aliyameza, yakamkaa kifuani. Alikuwa amemzuilia mwanawe mbio kwa kutegemea picha, na kumbe picha zenyewe zilikuwa zikimsifu mtoto wa jirani.

Ijumaa usiku jina la Dakari lilipotangazwa, magari ya Belle Anse yalipiga honi mtaa mzima. Theron alipiga kelele kuliko wote, akapanda juu ya kochi akirukaruka. Alcide alitoka kwenda uani kuzima gesi, na gesi haikuwa imewashwa.

Jumamosi walimwaga kamba juu ya meza ndefu iliyotandikwa magazeti, pamoja na mahindi na viazi, na jamaa wakazunguka wakimenya. Televisheni iliendelea kutaja majina ya watu wengine.

"Kula, mwanangu," alisema shangazi Earline. "Hiyo simu haina miguu, haitakukimbia."

"Hata ingekuwa nayo, shangazi, ningeikamata mimi? Hujasikia maskauti?"

Watu walicheka, kisha kila mmoja akainamia kamba wake. Jioni jina la mwisho lilitajwa, halikuwa lake. Vernell akazima sauti. Ilibaki ile saa ya masalio, klabu zinapowapigia walioachwa waje kujaribu bahati. Nayo ikapita. Wageni wakafunga chakula kwenye foili, wakaaga kwa sauti za chini kama watu wanaotoka matangani.

Ndipo simu ikaita.

Vernell aliziba mdomo kwa viganja. Theron alijifuta mikono, akapokea. Alcide aliuona uso wa mwanawe ukifunguka, kisha ukatulia.

"Dakari," Theron alisema. "Hapana, bwana, hujasumbua. Nani amekufa? Mbona unalia?"

Sauti ya Dakari ilisikika hadi mlangoni. "Wamenileta huku klabuni leo hii, wamenipa kitabu cha mipango, kinene kama Biblia. Kocha wao akachora ubaoni mbele ya watu: wakijipanga hivi, wewe unakaa wapi? Nikanyamaza, Theron. Nikawa nageuka pembeni nakutafuta."

"Tulia. Walipangwaje? Wangapi kulia?"

Theron alisukuma maganda pembeni. Akapanga mahindi upande huu na viazi upande ule, akauliza, akasikiliza, akahamisha kiazi kimoja. Hakuwa na kinyongo hata chembe, na hilo ndilo lililomuumiza Alcide zaidi. Laiti kijana angetukana, angepasua sahani.

"Usiukimbilie mpira," alikuwa akisema. "Huyo wa pembeni anakudanganya. Sogea kushoto. Bado. Hapohapo."

Mkono wake wa kulia ulikuwa umeinuka ukipunga kushoto, ingawa Dakari asingeweza kuuona. Alcide aliutazama kutoka mlangoni. Alitaka kusema nisamehe, akainama kuokota maganda sakafuni.

"Hapo nimeelewa," Dakari alisema. "Sasa siku ya mechi nani ataniambia?"

Mkono ulibaki hewani juu ya mahindi.

"Sijui, kaka," Theron alisema, akaushusha taratibu. "Mimi nitakuwa hapa nyumbani, nakutazama kwenye televisheni."